Duguay-Trouin: meli ya vita ya Ufaransa iliyotumikia Uingereza miaka 144, kisha ikazamishwa na wenyewe

Tarehe 2 mwezi wa 12, 1949, jeshi la majini la Uingereza lilivuta meli moja kuukuu ya mbao kutoka bandari ya Portsmouth, likaifikisha mashariki ya kisiwa cha Wight, katika bahari ya Manche, kisha likaizamisha kwa baruti. Meli hiyo ilikuwa na umri wa miaka 149. Siku hiyo ilipepea bendera mbili pamoja: ya Uingereza na ya Ufaransa.

Haikuwa adui aliyeizamisha. Katika vita vya Napoléon, meli hiyo ilipigwa kwa mizinga ya Waingereza, na baadaye ya Warusi, lakini haikuzama. Ilipita vita kuu mbili za dunia. Iliyoimaliza ni serikali ya inchi iliyokuwa nayo, katika wakati wa amani, kwa sababu hakukuonekana mtu wa kulipa feza za kuitengeneza.

Kwa Wafaransa waliijua kwa jina la Duguay-Trouin. Kwa Waingereza iliitwa Implacable, neno linaloandikwa vilevile kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na maana yake ni asiyetulizika. Historia yake inaonyesha namna meli ya vita ilivyoweza kubadilisha mwenyewe, jina na bendera katika siku moja, na inaonyesha pia kitu gani kinachofanya mali ya zamani ibaki au ipotee.

Meli ya mizinga 74

Meli hiyo ilijengwa Rochefort, mji wa Ufaransa ulio karibu na bahari ya Atlantika, ikashushwa majini tarehe 24 mwezi wa tatu, 1800. Ramani yake ilitoka kwa Jacques-Noël Sané, fundi mkubwa wa meli wa Ufaransa wa wakati ule. Ramani hiyo ilisifiwa sana, hata meli zaidi ya 100 zilijengwa kwa kuifuata, katika bandari za Ufaransa na katika bandari za inchi zilizokuwa chini ya Napoléon.

Ilikuwa na mizinga 74, iliyopangwa katika gorofa mbili, mizito zaidi chini karibu na maji, miepesi zaidi juu. Urefu wake ulipita kidogo meta 55. Watu karibu 700 waliishi ndani yake: mabaharia, askari, wapishi, maseremala, waganga na vijana wadogo waliobeba baruti kutoka chini hadi kwenye mizinga. Kujenga meli ya namna hiyo kulihitaji miti ya mwaloni kwa maelfu, na mti wa mwaloni unahitaji miaka mia moja au zaidi kabla ya kutoa mbao nzito za mbavu za meli. Kwa hiyo kila meli ya mizinga 74 ilikuwa ni msitu mzima ulioingia majini.

Jina walilolitoa kwa René Duguay-Trouin, mzaliwa wa Saint-Malo aliyekufa mwaka wa 1736. Alikuwa kapiteni wa meli zilizopewa ruhusa na mfalme kukamata meli za adui na kufanya biashara ya mateka. Mwaka wa 1711 aliuteka mji wa Rio de Janeiro, uliokuwa chini ya Wareno. Meli iliyopewa jina la mtekaji huyo ndiyo iliyotekwa kisha.

Safari ya Saint-Domingue

Kabla ya kupigana na Waingereza katika vita vikubwa, Duguay-Trouin ilifika Saint-Domingue, kisiwani Karibi, inchi ambayo leo ni Haiti. Napoléon alituma huko jeshi kubwa kurudisha utawala wa Ufaransa na kumwondoa Toussaint Louverture. Tarehe 20 mwezi wa tano, 1802, sheria ya Ufaransa ilirudisha utumwa katika makoloni, miaka nane tu kisha Ufaransa kuufuta.

Hapo historia ya meli hii inagusa watu wa Kongo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, sehemu kubwa ya watumwa waliopelekwa Saint-Domingue ilitoka pwani ya Kongo, Loango na Angola. Wengi wa wale waliosimama dhidi ya mabwana wao walizaliwa upande huu wa bahari. Macaya, mmoja wa viongozi wa waasi mwaka wa 1793, alijitangaza kuwa ni mtu wa mfalme wa Kongo.

Mwaka wa 1803 jeshi la Ufaransa lilikuwa limekwisha kuchoka, kwa sababu ya homa ya manjano na kwa sababu ya vita. Waingereza nao walifunga bahari mbele ya bandari ya Cap-Français. Katika mwezi wa saba, Duguay-Trouin ilitoka bandarini pamoja na meli nyingine iliyoitwa Duquesne. Waingereza waliifukuza na kuikamata Duquesne, lakini Duguay-Trouin iliponyoka, ikavuka Atlantika na kufika Uhispania. Tarehe 1 mwezi wa kwanza, 1804, Haiti ilitangaza uhuru wake. Jeshi ambalo meli hiyo ilitumikia lilikuwa limeshindwa.

Kutoka Trafalgar hadi Cape Ortegal

Tarehe 21 mwezi wa 10, 1805, meli 33 za Ufaransa na Uhispania zilikutana na meli 27 za Uingereza karibu na rasi ya Trafalgar, kusini ya Uhispania. Amirali wa Uingereza, Horatio Nelson, alikata mstari wa adui katikati na nyuma. Meli za Ufaransa zilizokuwa mbele zilibaki peke yake, na upepo ulikuwa mchache, hivyo kugeuka kulikuwa kazi ngumu. Duguay-Trouin ilikuwa katika kundi hilo la mbele, chini ya amirali Dumanoir.

Dumanoir aligeuka, lakini alichelewa. Alipofika karibu na mapigano, sehemu kubwa ya vita ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Meli nne zilipita zikipiga mizinga kutoka mbali, kisha zikaondoka: Formidable, Scipion, Mont Blanc na Duguay-Trouin. Nelson alikufa siku hiyo, lakini Uingereza ilishinda. Baadaye Dumanoir alisimamishwa mbele ya baraza la kijeshi kwao Ufaransa juu ya mwenendo wake wa siku hiyo, na baraza likamwondolea makosa.

Kuponyoka kwa meli hizo nne hakukudumu. Siku chache kisha, firigeti moja ya Uingereza, yaani meli ya mbio, ndogo kuliko zile za mstari wa vita, iliyoitwa Phoenix, iliwaona Wafaransa na kuwavuta nyuma yake hadi karibu na kundi la Sir Richard Strachan. Tarehe 4 mwezi wa 11, karibu na Cape Ortegal, kaskazini ya Uhispania, Strachan aliwafikia. Alikuwa na meli kubwa nne na firigeti nne. Firigeti zake zilikimbia mbele na kuchokoza nyuma ya mstari wa Wafaransa, zikawachelewesha mpaka meli kubwa zikafika.

Vita vilidumu karibu saa nne. Claude Touffet, kapiteni wa Duguay-Trouin, aliuawa. Milingoti iliharibika, maofisa wengi wakaanguka, na mwishowe bendera ikashushwa. Wafaransa waliokufa na kujeruhiwa katika meli zote nne walikuwa zaidi ya 700. Kwa upande wa Waingereza, waliokufa walikuwa 24 na waliojeruhiwa 111. Hakuna meli hata moja ya Dumanoir iliyoponyoka. Zote nne zilipelekwa Plymouth.

Kwa nini meli ya adui haikuchomwa

Mtu wa leo anaweza kujiuliza: kwa nini mshindi apoteze wakati kuvuta meli zilizovunjika milingoti, zinazoingiza maji, hadi kwake, badala ya kuzichoma palepale?

Jibu la kwanza ni feza. Meli iliyokamatwa ilipelekwa mbele ya mahakama maalum ya mambo ya bahari. Mahakama ikikubali kwamba ni mateka halali, Leta ya Uingereza iliweza kuinunua, na feza ziligawanywa kwa wale waliopigana. Kwa sheria iliyokuwapo mpaka mwaka wa 1808, thamani iligawanywa mafungu manane. Kapiteni alichukua matatu, lakini moja kati yake alimwachia amirali aliyempa amri. Maofisa na wakubwa wadogo walichukua mafungu matatu mengine. Mabaharia wa kawaida, waliokuwa mamia, waligawana mafungu mawili yaliyobaki. Hivyo kapiteni aliweza kutajirika kwa siku moja, na baharia akapata feza kidogo tu, lakini kwake hata hizo zilikuwa nyingi kuliko mshahara wake wa miezi.

Jibu la pili ni kazi. Uingereza ilikuwa na vita kila upande, na kujenga meli mpya ya mizinga 74 kulichukua miaka. Meli ya adui, ikikarabatiwa, iliingia kazini kwa muda mfupi zaidi. Zaidi ya hayo, meli za Wafaransa zilipendwa na makapiteni wa Uingereza kwa umbo na mwendo wake. Mafundi wa Uingereza walipima meli walizozikamata na mara nyingine wakaiga ramani zake.

Desturi hiyo ilikuwa ya pande zote. Katika vita vya Trafalgar, Uingereza ilikuwa na meli tatu zilizotoka kwa Wafaransa: Tonnant, Spartiate na Belleisle. Ufaransa nayo ilikuwa na Berwick na Swiftsure, zilizotekwa kutoka kwa Waingereza. Na kwa kuwa Waingereza walikuwa wamejenga Swiftsure nyingine mpya, siku ile meli mbili za jina moja zilikuwa katika pande mbili za vita. Hata katika kundi la Strachan lililoikamata Duguay-Trouin, kulikuwa firigeti Révolutionnaire, ambayo Waingereza waliikamata kwa Wafaransa mwaka wa 1794.

Kwa watu, mambo yalikuwa mengine. Meli ilitengenezwa na kupewa rangi mpya, lakini mabaharia walioshindwa waliingia kifungoni. Maelfu ya Wafaransa katika vita hivyo walifungwa Uingereza miaka na miaka, wengine ndani ya meli kuukuu zilizokatwa milingoti na kufungwa bandarini.

Bendera mpya, vita vipya

Katika meli nne za Cape Ortegal, Formidable ilipewa jina la Brave. Scipion na Mont Blanc ziliachiwa majina yake. Duguay-Trouin iliitwa Implacable. Ndiyo peke yake kati ya hizo nne iliyopata maisha marefu.

Mwaka wa 1808 ilikuwa katika bahari ya Baltiki, chini ya kapiteni Thomas Byam Martin. Uingereza ilikuwa inasaidia Uswidi dhidi ya Urusi. Tarehe 26 mwezi wa nane, Implacable na meli nyingine, Centaur, zilifukuza meli za Warusi karibu na pwani ya Estonia ya leo. Implacable ilifikia meli ya Kirusi iliyoitwa Vsevolod, nayo ya mizinga 74, ikapigana nayo kwa karibu sana. Implacable ilipoteza watu 6, na 26 walijeruhiwa. Vsevolod ilikwama katika maji mafupi, na Waingereza wakaichoma. Hivyo meli iliyojengwa kwa ajili ya Ufaransa ilivunja meli ya Urusi kwa faida ya Uingereza, miaka mitatu tu kisha kubadilisha bendera.

Kisha vita vya Napoléon kwisha, meli nyingi za mbao zilibomolewa. Implacable iliendelea. Mwaka wa 1840, ikiwa na miaka 40, ilikuwa tena vitani katika bahari ya Mediteranea, wakati Uingereza na wenzake walipopigana na jeshi la Misri kwenye pwani ya Syria. Lakini wakati huo mvuke ulikuwa umekwisha kuingia baharini. Meli ya matanga iliyongoja upepo haikuwa tena na nafasi mbele ya meli yenye mashini.

Shule juu ya maji

Mwaka wa 1855 Implacable ilipewa kazi nyingine. Ilifungwa Devonport, upande wa Plymouth, ikawa mahali pa kufundishia vijana waliotaka kuingia katika jeshi la majini. Walijifunza kufunga kamba, kupanda milingoti, kusoma na kutii amri. Kazi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50.

Mwaka wa 1908 wakubwa wa jeshi waliamua kuiuza ivunjwe. Mfalme Edward VII aliingilia kati na meli ikapona. Mwaka wa 1912 ilikabidhiwa kwa Geoffrey Wheatley Cobb, tajiri aliyependa meli za zamani na aliyetaka zifundishie watoto. Cobb alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa kazi hiyo. Alinunua Foudroyant, iliyokuwa zamani meli ya Nelson, lakini mwaka wa 1897 dhoruba iliitupa pwani ya Blackpool na kuivunja. Badala yake alinunua firigeti Trincomalee, iliyojengwa Bombay kwa mbao za msaji mwaka wa 1817, akaipa jina hilohilo la Foudroyant. Implacable aliiweka Falmouth.

Mtu mmoja, hata akiwa tajiri, hawezi kushindana na maji ya bahari peke yake. Mbao zinaoza, misumari inakula kutu, na maji yanaingia usiku na mchana. Katika miaka ya 1920 kulitolewa mwito kwa watu wote kuchanga feza, na meli ikatengenezwa. Cobb alikufa mwaka wa 1931. Mwaka uliofuata Implacable ilivutwa hadi Portsmouth, ikaendelea kupokea vijana, chini ya Harold Wyllie, mchoraji wa picha za meli. Vita kuu ya pili ilipofika, jeshi liliitumia tena.

Amani bila feza

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Implacable ilikuwa ya pili kwa umri katika meli za jeshi la majini la Uingereza. Iliyoipita ilikuwa Victory peke yake, meli ya Nelson, iliyoshushwa majini mwaka wa 1765. Victory ilikuwa imewekwa katika gati kavu tangu miaka ya 1920, mbali na maji yanayoozesha. Implacable ilikuwa bado inaelea, na hali yake ilikuwa mbaya.

Uingereza nayo ilikuwa imechoka. Nyumba nyingi zilibomolewa kwa mabomu, mbao za kujenga zilikuwa haba, na chakula kilikuwa bado kinagawanywa kwa kipimo. Katika hali hiyo, ilikuwa vigumu kwa waziri yeyote kusimama mbele ya watu na kusema kwamba feza nyingi zitakwenda kwenye meli ya mbao ya mwaka wa 1800. Wazee wetu wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa Implacable, ufa uliachwa kwa miaka mingi sana, na ukuta ulikuwa na bei ambayo hakuna aliyetaka kuilipa.

Mwaka wa 1947 Uingereza iliomba Ufaransa iichukue. Ilikuwa meli yao, iliyojengwa kwao, ya mwisho kabisa ya Ufaransa iliyopigana Trafalgar na kubaki juu ya maji. Ufaransa, iliyotoka kwenye utawala wa Wajerumani na yenye bandari zilizoharibika, ilikataa nayo. Hapo meli ilijikuta katika hali ya mtoto wa nyumba mbili: kila mmoja anakiri kuwa ni wake, lakini hakuna anayemlisha. Kwa Waingereza ilikuwa mateka ya kale, si Victory. Kwa Wafaransa ilikuwa kumbukumbu ya siku ya kushindwa.

Frank Carr, mkubwa wa jumba la makumbusho la mambo ya bahari la Greenwich, alipigania meli hiyo ibaki. Alishindwa. Alichoweza kuokoa ni sanamu ya mbele na sehemu ya nyuma yenye madirisha ya vyumba vya kapiteni. Meli iliyobaki ilivutwa baharini ile siku ya mwezi wa 12, na bendera zake mbili.

Somo lililofika Greenwich

Watu wengi wa Uingereza walikasirika walipoona kilichotendeka. Hasira hiyo haikuirudisha Implacable, lakini ilisaidia meli nyingine. Miaka michache baadaye, Cutty Sark, meli ya biashara ya chai ya mwaka wa 1869, ilikuwa katika hatari ya namna ileile. Carr na wenzake hawakungojea mpaka mwisho. Walitafuta wafadhili mapema, wakapata mahali pakavu pa kuiweka, na mwaka wa 1957 Cutty Sark ilifunguliwa kwa watu huko Greenwich. Ingali huko. Trincomalee nayo ilipona, na leo iko Hartlepool, kaskazini ya Uingereza. Mwaka wa 1979 Carr alishiriki kuanzisha shirika la kimataifa la kulinda meli za zamani, na neno lake la kukumbuka lilikuwa jina la Implacable, pamoja na ahadi kwamba jambo kama hilo lisirudie.

Tofauti kati ya meli hizo na Implacable haikuwa utukufu. Cutty Sark haikupigana Trafalgar. Tofauti ni kwamba kwa Cutty Sark, watu walijulikana mapema: nani anaichukua, anaiweka wapi, analipa kwa feza gani, na itafanya kazi gani. Kwa Implacable, maswali hayo manne yaliulizwa wakati maji yalikuwa yamekwisha kuingia.

Tanganyika nayo ina hadithi yake

Wakaaji wa Kalemie, Uvira na Moba wana sababu ya kuielewa habari hii. Desturi ya kukamata meli ya adui na kuipa jina jipya ilifika hadi kwenye ziwa lao. Katika vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini. Zilisafiri kwa reli hadi Fungurume, zikavutwa kupita milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, na kutoka hapo reli ikazifikisha ziwani. Tarehe 26 mwezi wa 12, 1915, mbele ya Kalemie ya leo, ziliikamata Kingani ya Wajerumani. Waingereza waliitengeneza, wakaiita Fifi, na mwezi wa pili wa 1916 ikatoka kupigana na Hedwig von Wissmann, meli ya wenyewe wa zamani, ambayo ilizamishwa.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wao wenyewe mwaka wa 1916 ili isitekwe, lakini walipaka mashini zake mafuta mazito, wakitumaini kuirudia. Waingereza waliitoa majini mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Tangu hapo ilibeba abiria, mihogo, samaki na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu kwa vizazi vingi. Mwaka wa 1997 ilirudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania.

Hakuna aliyeihurumia Liemba kwa sababu ya historia yake ya vita. Iliwekewa mafuta na ikakarabatiwa kwa sababu watu wa ziwa waliihitaji kusafiri na kufanya soko. Implacable iliishi kwa njia hiyohiyo muda wote ilipokuwa na kazi: kwanza kupigana, kisha kufundisha. Siku kazi ilipokwisha, ilibaki sifa tu, na sifa haizibi mbao.

Vilivyobaki

Mtu akifika leo katika jumba la makumbusho la Greenwich, ataona sehemu ya nyuma ya Implacable, kubwa kama uso wa nyumba ya gorofa, pamoja na sanamu yake ya mbele. Rochefort, mahali ilipojengwa, kunaonyeshwa mtambo wake wa kuvutia nanga, ule ambao mabaharia waliusukuma kwa kuzunguka. Kwa hiyo inchi mbili zilizokataa kuilea meli nzima zimegawana vipande vyake, na zinavitunza vizuri. Sehemu nyingine iko chini ya bahari ya Manche, njiani kati ya inchi hizo mbili.